Tamasha za Bure Katika Mji wa Kamari

Wazee wetu walisema: bure ghali. Ni maneno mawili tu. Walakini mimi nimepita umri mrefu bila ya kuyafahamu barabara, na siku niliyoyafahamu sikuwa sokoni wala nyumbani, bali nilikuwa nimesimama usiku kando ya njia kuu ya Las Vegas, katika jimbo la Nevada huko Marekani, nikitazama maji yakicheza kama watu wachezavyo ngoma. Sikulipa hata senti moja. Basi nataka kuwasimulia wazazi na vijana yale niliyoyaona usiku ule mmoja, kwani jambo lenyewe, ijapokuwa lilitokea mbali, limekwisha kuingia katika nyumba zetu.

SAFARI NA MASHAURIANO

Binti wa dada yangu anakaa jimbo la California pamoja na mumewe, nao wamejaaliwa watoto watatu: mvulana wa miaka 17 na wasichana wawili wadogo. Mwezi wa Desemba 2024 nilikwenda kuwazuru, tukaazimia kwenda kwa gari hadi jimbo la Utah kuwaona jamaa. Barabara ile hupita katika mji wa Las Vegas, na kwa kuwa safari ni ndefu, hatukuwa na budi kulala hapo usiku mmoja.

Hapo ndipo yalipozuka maneno baina ya mume na mke. Mke alisema, "Watoto wamekwisha sikia khabari za mji huu kwa wenzao shuleni, kwamba njiani mna tamasha za ajabu zisizolipiwa. Wasipoziona leo pamoja nasi, watakuja kuziona kesho na marafiki, na siku hiyo sisi hatutakuwapo kuwaeleza." Mume, ambaye kazi yake ni uhasibu, hakutaka hata kidogo. Alisema, "Hatuwapeleki watoto penye moto ili wajue kuwa moto unaunguza." Sauti yake ilikuwa na uchungu kuliko ilivyostahili maneno yale, nami nilistaajabu, lakini sikumwuliza. Kisha wote wawili wakanigeukia: "Mjomba, wewe ndiye mkubwa wetu. Tuamulie."

Nilikumbuka mambo mawili yaliyomo katika Hadithi za Mtume wetu s.a.w. La kwanza ni kwamba siku ya Idi Wahabeshi walicheza kwa mikuki na ngao katika msikiti wa Madina, na Mtume s.a.w. akamsitiri Bibi Aisha r.a. kwa nguo yake, akamwacha atazame mpaka akatosheka mwenyewe. Basi kutazama mchezo mzuri si kosa, na dini yetu haikuja kutufumba macho. La pili ni kwamba aliwakataza Masahaba kukaa barazani njiani, nao waliposema kuwa hawana budi, akawaamrisha kuipa njia haki yake: kuinamisha macho, kuzuia maudhi, kuitikia salamu, kuamrisha mema na kukataza mabaya.

Nikawaambia, "Twendeni, lakini kwa sharti tatu. Tutalala katika hoteli isiyo na kamari, nazo zipo. Tutasali kabla ya kutoka. Na tutaipa njia haki yake; pale itakaposhindikana, tutageuka na kurudi." Mume akanyamaza, kisha akaridhika.

CHINI YA DARI LA TAA

Tulianzia Fremont Street, mtaa wa zamani wa mji ule. Mwaka 1995 mtaa huo, uliokwisha fungwa kwa magari, ulifunikwa kwa dari kubwa lililopinda, lililo juu ya vichwa vya watu kwa kiasi cha futi 90. Chini ya dari hilo zimepangwa taa ndogo ndogo zaidi ya milioni 49, nazo kila usiku hugeuka kuwa picha: mara mbingu, mara bahari, mara maua yanayochanua kutoka mwanzo wa mtaa hadi mwisho. Watoto walikaa wameinua nyuso, nami, mzee mzima, niliinua wangu.

Walakini macho hayana pazia, na yaliyokuwa chini ya dari hayakuwa kama yaliyokuwa juu yake. Watu walitembea na bilauri za pombe mikononi, na wako wanawake kwa wanaume waliosimama karibu uchi wakingojea kupigwa picha. Pale pale palikuwa na mtu apigaye zumari vizuri sana, na mwingine aliyechora picha kwa rangi za kupuliza kwa upesi wa ajabu. Baraza ya mji iliweka kanuni mwaka 2015, na wachezaji hao hugawiwa duara zilizochorwa chini, kila mmoja akae ndani ya duara lake.

Mtu mmoja aliyevaa vazi la mnyama wa katuni alimkumbatia binti mdogo, mwenziwe akasema, "Pigeni picha!" Mama yake akapiga, na mara ile ile yule mtu akanyosha mkono kutaka dola 20. Mume alimpa kidogo kwa heshima, akamshika mwanawe mkono. Binti akauliza, "Baba, si ulisema hapa ni bure?"

Hapa pana fundisho mbili. Kwanza, mtu anayeishi kwa kazi ya mikono yake njiani si mwizi akitaka ujira. Mwenye makosa ni sisi tusioulizana kabla. Wenye mahoteli hawamlipi mtu huyo. Hula kwa kile atakachotupiwa. Mpiga zumari yule tulisimama kumsikiliza kwa dakika kumi, basi tulimwekea fedha katika kasha lake, kwani Mtume s.a.w. ametuhimiza kumpa mfanyakazi ujira wake kabla jasho lake halijakauka. Pili, asiyeweza kuinamisha macho mahali fulani, na apaondoke. Tulikaa Fremont Street muda usiofika nusu saa, tukarudi garini.

MJI ULIOITWA PEPO

Tulipokuwa tukielekea kwenye njia kuu ya mahoteli niliwaeleza watoto asili ya mji. Las Vegas ni neno la Kihispania, maana yake ni mbuga za majani, kwani hapo kale palikuwa na chemchemi katikati ya jangwa. Mwaka 1905 kampuni ya reli iliuza viwanja kwa mnada, ukawa mji. Mwaka 1931 jimbo la Nevada lilihalalisha kamari, na mwaka huo huo kazi ya kujenga boma kubwa la maji la Hoover katika mto wa Colorado ilianza karibu na hapo, wakaja maelfu ya vibarua wenye mishahara mfukoni. Tangu hapo mji ukajua riziki yake itatoka wapi.

Na kuna jambo la kuchekesha na kuhuzunisha. Sehemu ile mashuhuri ya mahoteli makubwa, iitwayo Strip, yenye urefu wa kama maili 4, haimo hasa ndani ya mipaka ya mji wa Las Vegas. Sehemu yake kubwa imo katika kitongoji kilichopewa jina la Paradise, yaani Pepo. Kijana wetu alicheka sana aliposikia.

Zamani tamasha za mji ule zilikuwa ndani: waimbaji, chakula rahisi, vyumba vya bei nafuu. Mwaka 1989 ilifunguliwa hoteli ya Mirage, na mbele yake, pale pale njiani, ukawekwa mlima wa moto wa kutengenezwa, uliotoa ndimi za moto kila usiku ili wapita njia wasimame. Watu walisimama kwa maelfu, na waliosimama wengi wao waliingia. Mwaka 1993 hoteli jirani ya Treasure Island ikaweka merikebu mbili, moja ya maharamia na moja ya Waingereza, zikipigana kwa mizinga. Watu wakasimama tena, wakaingia tena. Basi kila hoteli ikatafuta ajabu yake. Mvuvi hatupi chambo baharini kwa kuwahurumia samaki.

Kijana alikuwa amesikia khabari za mlima ule wa moto, akatamani kuuona. Tulipofika hatukuuona. Hoteli ya Mirage ilifungwa mwezi wa Julai 2024 ili mahali pake pajengwe hoteli nyingine yenye umbo la gitaa, na mlima ukazimwa. Vita vya merikebu vilikwisha zamani zaidi, mwaka 2013. Alisikitika, nami nikamwambia, "Mwanangu, kitu cha bure hakina mkataba. Siku mwenyewe asipokihitaji, hukiondoa, wala hakuna wa kumshitaki." Hata kuegesha gari katika mahoteli yale kulikuwa bure kwa miaka mingi, mwaka 2016 kampuni kubwa mojawapo ilianza kutoza, na nyingine zikafuata.

MAJI NA MAUA

Tamasha iliyobaki, na iliyo nzuri kuliko zote, ni maji ya hoteli ya Bellagio, iliyofunguliwa mwaka 1998. Mbele yake pana ziwa la kuchimbwa, lenye eneo la zaidi ya ekari 8, na ndani yake mna mabomba zaidi ya 1,200 ya kurusha maji. Usiku, kila baada ya robo saa, muziki hulia na maji huinuka: mara yanainama pamoja kama makuti yapigwayo na upepo wa kusi, mara yanazunguka, kisha yanapiga juu kwa kishindo hata futi 460, yaani mita 140, yakaanguka kama mvua. Mbali kidogo lilionekana lile duara kubwa liitwalo Sphere, lililofunguliwa mwaka 2023, ambalo ngozi yake yote ni taa. Mara likawa mwezi, mara likawa jicho.

Watu wa kila kabila walikuwa wamejipanga kando ya ukingo. Mzee wa Kichina amemweka mjukuu mabegani. Bibi arusi na bwana wake wamekuja na nguo zao. Familia ya Kipakistani imekula chakula chake cha nyumbani. Maji yalipoanguka mara ya mwisho wote walipiga makofi na kucheka, na binti zetu wakaruka ruka. Kwa hakika sikuona uovu wowote katika saa ile. Nilimshukuru Mwenyezi Mungu aliyewapa wanadamu akili ya kuyachezesha maji. Nilikumbuka pia kuwa tuko jangwani, katika bonde linalopata kama asilimia 90 ya maji yake kutoka mto wa Colorado, na kwamba mwaka 2022 ziwa la nyuma ya boma la Hoover lilishuka chini kuliko wakati wowote tangu lilipojazwa. Ziwa hili la hoteli hujazwa kwa maji ya kisima chake, kilichokuwa kikinyweshea uwanja wa gofu. Walakini maji ni maji, na jangwa ni jangwa.

Kisha tukaenda kutazama bustani ya maua iliyo ndani ya hoteli ile ile, ambayo pia haina kiingilio na hubadilishwa mara kadhaa kwa mwaka kwa kufuata misimu. Tuliingia kwa mlango mkuu ambapo magari huteremsha wageni. Juu ya ukumbi wa mapokezi pametundikwa maua ya kioo kama 2,000, kazi ya fundi Dale Chihuly, na mbele yake ndiyo bustani, imejaa maua na miti chini ya paa la vioo. Walakini hatua chache tu kutoka penye maua huanza zulia la kamari, na mlio wa mashine zake husikika mpaka penye mawaridi.

Tulikuwa tukiwapiga picha binti wadogo, mama yao alipogeuka akauliza, "Kaka yenu yuko wapi?" Hayupo. Tulitazamana. Uso wa baba yake ulibadilika rangi. Sheria ya jimbo lile humkataza aliye chini ya miaka 21 kucheza kamari au kuzurura penye mchezo, walakini sheria haina macho kila pembe. Nilimwambia mama akae na watoto, mimi na mumewe tukaenda.

Tulimkuta amesimama pale marumaru inapokwisha na zulia linapoanza. Hakukanyaga. Alikuwa akimtazama bibi mmoja mzee aliyekaa mbele ya mashine, akibonyeza kitufe, akingoja, akabonyeza tena. Baba yake alitaka kumkemea, nikamshika mkono. Kijana aligeuka akaniuliza kwa sauti ndogo, "Babu, mbona humu ndani hakuna anayecheka? Kule nje wote walikuwa wakicheka."

Wasomaji wapenzi, swali hilo sikuweza kulijibu pale pale.

HESABU YA BABA

Tulirudi kukaa ukingoni mwa ziwa kungojea maji yainuke tena. Hapo baba akatoa kalamu na karatasi, akamwita mwanawe karibu.

"Gurudumu la kamari la Kimarekani," akasema, "lina vijumba 38: namba 1 mpaka 36, kisha sifuri moja, kisha sifuri mbili pamoja. Ukiweka dola 1 juu ya namba moja nayo ikatoka, hupewa dola 35 na kurudishiwa dola yako. Jumla ngapi?"

"36."

"Sasa weka dola 1 juu ya kila namba, zote 38, ili usikose hata kwa bahati mbaya. Umetoa ngapi?"

"38."

"Namba moja lazima itoke. Umepokea ngapi?"

"36." Kijana alinyamaza kidogo. "Zimepungua mbili."

"Mchezo huu hauna wizi ndani yake, wala gurudumu halikupindwa. Hivyo ndivyo lilivyotengenezwa. Katika kila dola 38, mbili ni za mwenye nyumba, usiku na mchana, mwaka hata mwaka. Anayecheza kidogo aweza kutoka na faida. Anayekaa sana hana pa kutokea. Niambie, hizo dola mbili zimekwenda wapi?"

Wakati ule muziki ukalia na maji yakainuka. Kijana aliyatazama, akasema, "Zile zinaruka pale, baba."

Ndipo baba yake akatueleza lililokuwa likimchoma moyo tangu asubuhi. Mdogo wake wa mwisho anasoma chuo huku kwetu pwani, naye humpelekea karo kutoka Marekani. Mwaka uliotangulia karo ya muhula mzima ilipotea. Kijana yule hakwenda Las Vegas wala hakuona kasino kwa macho yake. Kampuni moja ya kubashiri matokeo ya mpira, mchezo ambao vijana huuita kubeti, ilimpa katika simu yake ubashiri wa kwanza bure. Akashinda. Akaweka chake kidogo, akashinda tena. Baada ya miezi miwili hakuwa na karo, wala simu, wala uso wa kumtazama mama yake. "Alianza na cha bure," akasema. "Ndiyo maana sikutaka mje."

Mkewe hakuwa akijua. Alimtazama mumewe muda mrefu, kisha akasema, "Ungeniambia." Naye akajibu, "Nimekwambia leo."

NASAHA KWA WAZAZI NA VIJANA

Nimelifikiri sana jambo hili. Katika Sura ya al-Baqara, aya ya 219, Mwenyezi Mungu hakukana kuwa katika pombe na kamari mna manufaa kwa watu. Ila amebainisha kuwa dhambi yake ni kubwa kuliko manufaa yake. Na katika Sura ya al-Maida, aya ya 90 na 91, ametutaka tuyaepuke kabisa, akatuonya kuwa shetani hutaka kutia uadui baina yetu na kutuzuia na sala. Mimi niliyaona manufaa yale kwa macho yangu yakiruka mita 140 juu ya ziwa, na watoto wakayapigia makofi. Kisha nikamwona bibi aliyeyalipia.

Mimi si mufti, na mwenye kutaka fatwa juu ya kutazama tamasha za namna hii na awaendee masheikh. Ninalotoa ni shauri la mzee kwa jamaa zake. Kijana anayekaa nchi zile, au anayepita safarini, akitaka kutazama yaliyo mazuri na yaliyo wazi njiani, na aende na watu wake, kwa saa aliyoipima, baada ya kusali. Aipe njia haki yake, na apaondoke mahali panapomshinda. Amlipe mwenye kufanya kazi njiani, na aulizane naye kabla. Na kila anapoambiwa kuwa kitu ni bure, na aulize bila ya haya: nani amekilipia, na kwa nini?

Nanyi wazazi mlio huku nyumbani, msidhani mji ule uko mbali. Umo katika simu iliyo chini ya mto wa mwanenu. Msimkataze tu, kaeni naye na kalamu na karatasi, mumwonyeshe zile mbili zinazopungua. Katazo bila ya hesabu kijana hulisahau, lakini hesabu aliyoifanya mwenyewe humkaa.

Alfajiri tuliondoka kabla mji haujaamka, au niseme kabla haujalala. Tulisali subuhi katika msikiti mmoja wa mji ule, kwani Waislamu wapo huko na misikiti wanayo. Kijana alikaa nyuma ya wengine muda mrefu baada ya sala. Tulipokuwa garini aliazima simu ya baba yake, akampigia ami yake huku pwani, ambaye hakuna aliyekuwa amesema naye kwa miezi mingi. Sikusikia alilomwambia, ila nilisikia mara moja akicheka, na yule wa upande wa pili akacheka pia.

Mwenyezi Mungu atuhifadhie watoto wetu, na awarudishe waliopotea. Amin.